Jina la Mashine ya Kalemie

Rehema, binti yangu, mama yangu,

Barua hii naiandika dukani kwetu, hapa Kavimvira, mpakani mwa Uvira. Nimerudisha mlango nusu, wateja waone kwamba nipo ila sitaki maneno. Wewe umekwenda kuaga wenzako wa kwaya. Naandika kwa kalamu, mimi ninayeshinda nikichapa barua za watu, kwa sababu nikiichapa itaingia kwenye ile orodha ya kazi za mashine, jina lake wazi, na wewe una tabia ya kuichungulia orodha hiyo kila ukiingia. Nataka uisome kesho ukiwa ndani ya boti, bandari ya Kalundu imeshabaki nyuma, mahali ambapo huwezi kurudi kubishana nami.

Ya kula na kulala sitaandika, una akili zako. Ndagala nimekufungia, zile dagaa zetu kavu. Najua Kalemie unakokwenda nako zipo, ziwa ni hilihili, lakini wale hawajui kuanika. Umeona? Hata ndagala nimeshaanza kuzigombanisha. Basi niseme tu, maana wiki nzima unanitazama kama unamtazama mgonjwa. Siumwi, Rehema. Nina wivu.

Mama Shukuru, yule anayebadilisha pesa mbele ya mlango wetu, amenisema leo asubuhi. "Mama Rehema, mutoto iko anaenda kusoma, papa yake njo atalipa masomo, sasa weye unanuna nini?" Nikamwambia kusoma ni mchana. Jioni je? Jioni mwanangu atafanya kazi kwa nani? Akaanza kupanga noti zake upya.

Jioni utafanya kazi kwa mke wa papa yako. Tuseme hivyo bila kuzunguka. Papa yako alishuka Kalemie kutafuta kazi ya boti za mizigo wewe ukiwa bado shule ya msingi, akakaa, akaoa, akatulia. Huyo mwanamke naye amefungua sekretariat, kazi ileile ninayoifanya mimi, kuchapa na kufotokopi na kuandikia watu barua za kuomba kazi. Ila yeye ana ordinateur, kompyuta hizo, zimepangwa mstari kama darasani, na imprimante moja kubwa ya kutolea karatasi, mpya, na kule hakuna mtu anayejua kuziunganisha. Kila anayetaka kuchapa abebe flash yake mpaka kwenye ordinateur moja iliyofungwa waya, asimame, asubiri. Wakasikia kwamba Rehema wa Uvira ameifanya imprimante ya mama yake ichape bila waya. Papa yako akapiga simu. Masomo yakapatikana haraka haraka. Miaka yote hiyo yalikuwa wapi?

Ehee, nimeanza. Ngoja ninywe maji.

Unakumbuka sisi tulivyokuwa? Ordinateur yangu ilikuwa imekufa kwa virusi. Kila mtu anayepita mpakani ana flash yake, na kila flash ina ugonjwa wake, nami nilikuwa nazipokea zote kama dispensari. Ukaniletea ule mfumo wa bure, Linux, ulioukopi kwa wenzako wa shule, ukafuta kila kitu. Nilikaa pale kwenye kiti mikono mapajani, nasubiri uniambie imepona au tuzike. Ikawaka. Ikaandika Kifaransa kizuri. Lakini imprimante haikuonekana kabisa, utadhani hatukuwahi kuinunua.

Wewe hukuogopa. Ulifungua ule ukurasa ambao si wa intaneti ingawa unafunguka palepale, unaandika localhost na ile namba 631. Nikakuuliza, "Iko inatafuta wapi, na mega za intaneti zimeisha?" Ukacheka mpaka ukashika meza. "Mama, iko inajitafuta yenyewe, humu humu ndani." Ukaiunganisha imprimante na kisanduku cha wifi, ukaandika anwani yake, ukachagua aina yake kwenye orodha ndefu kuliko ya wafadhili wa harusi. Mara ya kwanza ulichukua jina linalofanana tu na la mashine yetu. Yoo! Ilitoa karatasi juu ya karatasi, kila moja na mstari mmoja wa alama za kichawi, mpaka nikachomoa umeme kwa mkono wangu. Mara ya pili ulisoma jina lote mpaka herufi ya mwisho, ukachagua sawasawa.

Kisha ule ukurasa ukauliza jina. Ukanigeukia. "Mama, tuiite nani?" Nikasema imprimante ni imprimante, inaitwa nini tena. Ukasema lazima ipewe jina ili ordinateur zingine ziweze kuiita, na jina lenyewe lisiwe na nafasi katikati. Hukungoja nijibu. Uliandika MamaRehema, yameshikana. Mahali, Uvira. Ikatoa ile karatasi yake ya majaribio, na jina langu juu yake. Bado ipo ukutani, na kuna wateja wanaodhani ni diploma yangu. Sijawahi kuwakosoa.

Lakini nitakuambia kitu ambacho hukukiona siku ile. Zamani kila karatasi ya duka hili ilipita kwenye meza yangu. Mtu alisimama mbele yangu akanipa habari za mpakani, za kanisani, za mguu wa mama mkwe wake. Ulipomaliza kazi yako, watu wakawa wanakaa kwenye ordinateur mbili tulizoongeza nyuma, wanabonyeza, karatasi inatoka, wanalipa, wanakwenda. Nikaanza kuionea wivu mashine yenye jina langu mwenyewe! Ndivyo nilivyoumbwa. Wengine wanapata presha, mimi napata wivu.

Na ule mkasa wa kadi za harusi je? Ulikuwa kwenye mitihani, nami nilikuwa peke yangu na Papa Joeli, yule shemasi mrefu, aliyekuwa anamwoza binti yake. Umeme ukakatika, ukarudi. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Papa Joeli ananitazama, mimi nabonyeza kama napiga ngoma. Sikujua kwamba umeme ukikatika kile kisanduku cha wifi kinagawa anwani upya, kwamba imprimante ilikuwa imeamka na anwani nyingine huku ordinateur inaendelea kugonga mlango wa zamani, na kila nilipobonyeza kazi ilikwenda kujipanga kwenye foleni iliyosimamishwa. Uliporudi ukatafuta anwani, ukafungulia foleni. Mungu wangu, kadi zilivyotoka! Zilitoka mpaka karatasi zikaisha. Papa Joeli akashika tumbo kwa kucheka. "Mama Rehema, unataka mutaa muzima ukuje kula kwangu?"

Wewe hukucheka. Uliniambia taratibu, kama unasema na mtoto, "Mama, ukibonyeza mara moja, imesikia. Kama haitoe, usibonyeze tena. Angalia kwanza ni nini iliikamata." Nilinuna, unakumbuka. Ulidhani nanunia karatasi zilizoharibika.

Nilikuwa namfikiria papa yako. Mwaka ule habari za ndoa yake ziliponifikia, nilimpigia simu, imezimwa. Nikampigia tena. Nikaandika ujumbe, nikaandika mwingine, nikaandika mpaka kidole kikauma, maneno ambayo sitayarudia kwenye karatasi utakayoisoma katikati ya abiria. Siku alipowasha simu yake yote yaliingia pamoja, na simu ilikuwa mezani mbele ya yule mwanamke, na yeye ndiye aliyeyasoma. Hakunitukana. Alinijibu mstari mmoja wa heshima, kwamba ameupata ujumbe wangu na atamfikishia. Heri angenitukana. Tangu hapo yeye anakaa na maneno yangu na mimi sina hata moja lake.

Kwa hiyo ukiwa huko, ukimpigia mtu asipopokea, awe mimi au mwingine, acha. Amesikia. Jiulize kwanza ni nini kimemkamata. Hiyo nimeipata kwako, nakurudishia tu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana hata wewe hujui kwa nini jana nilikuomba vile.

Unakumbuka siku papa yako alipopiga simu kupanga safari, nikaenda kuongea naye nje, halafu nikarudi nikasema kichwa kinaniuma? Kichwa hakikuniuma. Alikuwa ananipigia kutoka ndani ya duka lao. Nasikia mashine, nasikia watu. Ghafla mteja mmoja wa kule akaita kwa nguvu, "Mama Rehema! Mama Rehema, kopi zangu ziko wapi?" Na mimi, huku Kavimvira, kando ya barabara, nikaitika. "Naam!" Nimeitika kwa sauti, Mama Shukuru akageuka. Halafu nikasikia kwenye simu sauti nyingine inaitika baada ya yangu, sauti laini, "Ndiyo, papa, zinakuja." Papa yako akakohoa.

Najua watu wanavyofanya, hakuna aliyekaa akapanga kuniibia. Yeye ni Papa Rehema, hilo ni jina lake tangu siku ulipozaliwa, alikwenda nalo Kalemie. Mwanamke anayekaa na Papa Rehema watu watamwita nani? Ndiyo desturi yetu, hata hapa tunafanya hivyohivyo. Lakini Rehema, nilikubeba mimi. Nilikuzaa mvua inanyesha, barabara imekatwa na maji, nikatembea kwa mguu mpaka kwenye kituo cha wazazi, nashikilia kuta za watu. Mume kuchukuliwa, niliumia, nikapoa. Jina sikutegemea. Sikujua hata kwamba jina linaweza kuchukuliwa na mimi mwenyewe nikiwa bado nalivaa.

Ndiyo maana jana, tulipokuwa tunapanga nguo zako, nilikuambia lile neno. Nilisema, "Ukifika kule uwaunganishie, sawa, lakini ile anwani usiwafungie." Nilijua ninachosema. Ulinifundisha mwenyewe, baada ya zile kadi, namna ulivyoingia kwenye kisanduku cha wifi ukaiwekea mashine yetu anwani moja isiyobadilika, umeme ukatike usikatike. Nikataka mashine ya kule isiipate hiyo. Nikataka umeme wa Kalemie ukikatika, yule mama aamke, abonyeze, kimya, abonyeze, kimya, wateja wamemkodolea macho. Nililala nikiliwaza, na nililala vizuri.

Ukakunja gauni, ukalikunjua, ukalikunja tena. Halafu ukaniambia, "Mama, kazi mubaya minye siweze. Na ikikufa kila asubui, ni nani wataita? Si minye?"

Nikatoka nikaenda kumfokea mtu wa moto aliyekuwa ameegesha pikipiki yake mlangoni kwetu, masikini, hata hakujua kosa lake.

Nimelifikiria leo mchana kutwa. Na haki ya Mungu, uko sahihi, lakini si kwa sababu ya kazi mbaya na kazi nzuri. Nimeuona mchezo wenyewe. Mashine ikipotea kila asubuhi, kila asubuhi yule mama atakuja mpaka mlangoni pako. Atagonga. Atasema, "Rehema, mwanangu, amka, imekataa tena." Nawe utaamka, utafunga kitenge, mtakwenda wote wawili gizani mpaka dukani, mtainama pamoja kwenye kioo kimoja, atakuletea chai, itatoka karatasi, mtacheka. Baada ya mwaka mmoja wa hivyo, utakuwa mtoto wa nani?

Fungia hiyo anwani, Rehema. Fungia siku ya kwanza, kabla hujafungua sanduku la nguo. Chagua aina ya mashine mpaka herufi ya mwisho, usiwaachie alama za kichawi. Waonyeshe namna ya kutazama foleni kama imesimamishwa na namna ya kuifungulia wenyewe. Waandikie kwa maandishi makubwa wabandike ukutani, wasibonyeze mara mbili. Fanya kazi safi kabisa, isiyomhitaji mtu. Sitaki akuamshe hata asubuhi moja.

Unacheka, najua. Cheka, lakini fanya.

Na umheshimu. Sitaki kusikia kutoka kwa papa yako kwamba mtoto wa Uvira hana adabu, hiyo raha sitawapa. Muite mama mudogo, ndivyo inavyotakiwa. Akikuita mwanangu, itika. Kwenye ule ujumbe wa sauti aliokutumia juzi amekuita mwanangu, nilikuwa jikoni, nilisikia, nikakata kitunguu ambacho hatukukihitaji. Nitazoea. Pengine sitazoea, lakini hiyo ni shida yangu, usiibebe kwenye boti.

Neno la siri la hapa dukani ni lilelile, tunalijua sisi wawili. Mama Shukuru ananiambia nilibadilishe ukiondoka, eti ni usalama. Usalama wa nini? Silibadilishi.

Limebaki moja, na hili sikushauri, nakuomba. Utakapokaa mbele ya ile mashine yao kubwa na ule ukurasa ukafika pale unapouliza jina, utageuka kuuliza, nakujua. Papa yako atakuwa amesimama nyuma yako. Na yule mama atakuwa hapo, na atasema, bila ubaya wowote, kwa sababu ndivyo anavyoitwa na mtaa mzima, "Andika tu Mama Rehema." Uliniambia kwamba kwenye ordinateur moja huwezi kuweka mashine mbili za jina moja. Nililipenda sana hilo. Lakini kule ni ordinateur nyingine, wifi nyingine, na kati yetu kuna ziwa. Ukiandika litakubaliwa. Hiyo mashine haitajua kwamba jina lina mwenyewe. Hapo atakayejua ni wewe peke yako.

Iite jina lolote. Iite Kalemie, iite la papa yako, iite la huyo mama mudogo alilopewa na wazazi wake, ambalo lazima analo na lazima ni zuri. Ikishatoa ile karatasi ya majaribio, ipige picha unitumie. Sitajibu siku hiyo, usinipigie na kunipigia. Nitakuwa nimesikia.

Sasa nasikia moto inasimama nje na wewe unabishana na dereva. Nafunga. Kesho nitakusindikiza mpaka Kalundu na sitalia mbele ya watu, labda upepo unitie machozi. Nilitaka kumalizia kwa kuandika "wa Uvira" baada ya jina, usije ukachanganya. Nimekataa. Unajua ni nani amekuandikia.

Mama Rehema